Dola Dhaifu na Dola Iliyotaka Yote: Crawford Young na Somo la Utawala katika Kongo

1. Utangulizi

Katika mafunzo ya siasa za Afrika ni nadra kupata maneno yatumiwayo kwa wingi, na kufafanuliwa kwa uchache, kama maneno haya mawili: « dola dhaifu ». Ayasikiaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba yanataja dola isiyo na nguvu, yaani isiyo na askari wala bunduki, na isiyoogopwa na mtu. Kutokana na wazo hilo huzaliwa shauri lijulikanalo sana, kwamba dawa ya dola dhaifu ni kiongozi mwenye mkono wa chuma.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya mtaalamu mmoja wa sayansi ya siasa, Crawford Young (1931–2020), ambaye utafiti wake juu ya Kongo unalivunja shauri hilo. Kwa kifupi, fundisho lake ni kwamba dola yaweza kuwa na mabavu mengi na bado ikawa dhaifu, na tena kwamba tamaa ya kutawala kila kitu ni miongoni mwa sababu za udhaifu wenyewe. Kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi ni wanafunzi na walimu wa Kiswahili, yatatazamwa pia maneno ambayo kwayo jambo hili hutajwa katika lugha yetu. Maneno hayo yamebeba historia ambayo mtaalamu huyo aliitafuta katika maktaba na mashambani.

2. Mwalimu na njia yake

Young alizaliwa Philadelphia, nchini Marekani. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1964, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, tangu mwaka 1963 hadi alipostaafu mwaka 2001. Kitabu chake cha kwanza, « Politics in the Congo », kilitoka mwaka 1965, wakati moshi wa maasi ya Kwilu na ya mashariki ulikuwa bado haujatoweka. Kitabu hicho kilieleza jinsi Wabelgiji walivyojenga utawala mzito kuliko karibu tawala zote za kikoloni barani, na jinsi utawala huo ulivyoporomoka katika siku chache baada ya tarehe 30 Juni 1960.

Lililomtofautisha na wataalamu wengi wa zama zake ni kwamba alizifundisha nchi za Afrika akiwa ndani yake. Alifundisha Makerere, nchini Uganda, katikati ya miaka ya 1960. Kisha, tangu mwaka 1973 hadi 1975, alikuwa mkuu wa kitivo cha sayansi za jamii mjini Lubumbashi, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Miaka hiyo miwili ina uzito katika makala haya. Chuo chenyewe kilikuwa mfano wa jambo alilokuja kulieleza baadaye, kwani mwaka 1971 serikali ilikuwa imeviunganisha vyuo vikuu vitatu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa chuo kimoja chini ya mamlaka yake, na vitivo vikagawanywa upya baina ya miji hiyo mitatu. Basi mwalimu wa siasa aliuona mkono wa dola ukifika hata kwenye ubao wa darasa.

Matunda ya kazi hiyo yalikuwa mengi. Mwaka 1976 alitoa kitabu juu ya wingi wa tamaduni na siasa, akilinganisha Afrika na nchi za Asia, za Waarabu na za Amerika ya Kusini, na kuonyesha kwamba utambulisho wa kabila si kitu kilichoganda tangu kale. Mwaka 1985, pamoja na Thomas Turner, alichapisha kitabu kikubwa juu ya kuinuka na kuanguka kwa dola ya Zaire. Mwaka 1994 kilifuata kitabu juu ya dola ya kikoloni ya Afrika kwa ulinganisho, na mwaka 2012 kingine juu ya miaka hamsini ya uhuru. Miongoni mwa waliosomea sayansi ya siasa Wisconsin wakati wake ni Michael Schatzberg, aliyeandika juu ya Lisala, na Catharine Newbury, aliyeandika juu ya Kinyaga nchini Rwanda. Wote wawili walianza uchunguzi wao mahali ambapo mwananchi hukutana na mtoza kodi, si katika ikulu.

3. Bula Matari: jina na jambo

Mwanaisimu ana sababu ya pekee ya kumsoma Young, kwani aliujenga ufafanuzi wake juu ya jina la Kikongo. Jina hilo ni Bula Matari, maana yake mvunja mawe. Alipewa Henry Morton Stanley alipokuwa akipasua miamba ili kutengeneza njia katika Kongo ya Chini, karibu na mwaka 1880. Neno mawe ndilo lililobaki pia katika jina la mji wa Matadi. Baadaye jina la mtu mmoja likahamia kwa watumishi wote wa dola ya Leopold wa Pili (1885–1908), kisha kwa serikali ya koloni la Ubelgiji (1908–1960). Bula Matari akawa si mtu tena, bali mamlaka yenyewe.

Young alilichukua jina hilo kuwa picha ya dola ya kikoloni kwa jumla. Picha hiyo ina sehemu tatu. Kwanza, dola hiyo ilitoka nje, wala haikuzaliwa na mapatano ya watu iliowatawala. Pili, ilipasua kila kilichosimama mbele yake, uwe mwamba au ufalme. Tatu, ilijilipia gharama kwa jasho la waliotawaliwa, kwa njia ya kazi za lazima, kodi ya kichwa na kilimo cha lazima, kama kile cha pamba kilichoanza kuamriwa mwaka 1917. Katika dola ya namna hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza wananchi wanataka nini. Hapakuwa na wananchi, palikuwa na watawaliwa.

Inafaa kulinganisha jina hilo na maneno ya Kiswahili. Neno « dola » ni la asili ya Kiarabu, nalo hutaja mamlaka na nchi iliyo chini yake. « Serikali » lina asili ya Kiajemi, nalo hutaja chombo kinachoendesha kazi za nchi. Katika Kiswahili cha Lubumbashi na cha Kivu limo neno la tatu, « leta », lililotokana na Kifaransa, kama isemwavyo kazi ya leta, nyumba ya leta, au watu wa leta. Wasemao hivyo mara nyingi hujiweka nje ya hiyo leta: leta ni wao, si sisi. Na neno « raia », lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa na maana ya kundi lichungwalo kabla halijawa na maana ya mtu mwenye haki katika nchi yake. Kinyume chake, « mwananchi » ni mtoto wa nchi, mwenye fungu katika urithi. Umbali uliopo baina ya raia kwa maana ile ya kale na mwananchi ndio umbali ambao Young aliupima katika vitabu vyake.

4. Mahitaji sita ya dola

Dola hutambuliwaje kuwa imara au dhaifu? Young alijibu kwa kutaja mahitaji sita ambayo kila dola hulazimika kuyatafuta, iwe ya kifalme, ya kikoloni au ya kijamhuri. Kwa Kiswahili yaweza kutajwa hivi:

Ukuu: amri yake itiiwe katika eneo lake lote.
Uhuru wa kuamua: isiwe mateka wa dola nyingine, wala wa kikundi kimoja cha ndani.
Usalama: ijilinde na maadui wa nje na wa ndani.
Uhalali: watu wakubali mioyoni mwao kwamba yastahili kutiiwa.
Mapato: ipate mali ya kuendeshea kazi zake.
Ulimbikizaji: iwezeshe utajiri wa nchi kukua, ili kesho kuwe na cha kutoza.

Msomaji ataona kwamba bunduki zatosha kwa hitaji la kwanza na la tatu, na hata huko ni kwa muda tu. Mahitaji mengine hayapatikani kwa kutisha. Tena yote sita hutegemeana. Bila ulimbikizaji mapato hukauka, na bila mapato askari halipwi. Askari asiyelipwa huwageukia watu aliotumwa kuwalinda, na hapo uhalali hupotea. Uhalali ukipotea, kila amri huhitaji fimbo, na fimbo nayo ina gharama. Basi udhaifu wa dola ni kukatika kwa mnyororo huo, hata kama kambi zimejaa askari.

Dola ya kikoloni iliukwepa mzigo wa uhalali kwa sababu uhalali wake uliutafuta Ulaya, si Kongo. Dola huru haikuweza kufanya hivyo. Ilirithi nyumba iliyojengwa bila mlango wa mwenye nyumba. Siku ya uhuru hapakuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika katika jeshi la koloni, na Wakongo waliomaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno. Siku chache baadaye askari waliasi, na chombo kilichoonekana kuwa cha mwamba kikapasuka.

5. Dola iliyotaka yote

Baada ya mwaka 1965 utawala wa Mobutu ulijitahidi kumfufua Bula Matari, safari hii kwa jina la taifa. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya kampuni ya shaba ya Katanga ilitwaliwa na serikali, na kampuni iliyozaliwa humo ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka huohuo chama cha MPR kiliundwa. Kufikia katiba iliyorekebishwa mwaka 1974, chama hicho kilikuwa ndicho chombo pekee cha dola, na kila Mzaire alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Majina ya watu na ya miji yalibadilishwa, vyama vya wafanyakazi na vya vijana vikamezwa, na vyuo vikuu pia, kama ilivyokwisha kutajwa.

Tendo lililofunua kiasi cha tamaa hiyo lilitangazwa tarehe 30 Novemba 1973. Mashamba makubwa, maduka na biashara nyingi za wageni ziliamriwa kupewa Wazaire. Ndiyo zairianizasyo. Kwa maneno, mali ilirudi kwa wenye nchi. Kwa vitendo, sehemu kubwa iliangukia mikono ya wakubwa wa chama na wa serikali, ambao wengi wao hawakujua biashara waliyopewa, wala hawakuwa na haja ya kuijua. Maduka mengi yaliuza akiba iliyokuwamo, kisha rafu zikabaki tupu. Mwishoni mwa mwaka 1974 hatua kali zaidi zilitangazwa, na kufikia mwaka 1976 ilibidi wageni wengi waitwe tena kurudishiwa sehemu ya mali yao. Katikati ya hayo bei ya shaba duniani ilianguka mwaka 1974, na madeni yakawa hayalipiki.

Young alikuwa Lubumbashi katika miezi hiyo. Katika kitabu alichokiandika na Turner, zairianizasyo imepewa nafasi kubwa, nayo imeelezwa kuwa kosa lililotokana na umbo la dola yenyewe, si ubaya wa tabia ya mtu mmoja tu. Dola isiyoulizwa na mtu haina wa kuiambia kwamba imekosea hesabu. Mwaka 1994 aliliita jambo hilo, katika makala juu ya Zaire, njozi iliyovunjika ya dola timilifu, yaani dola iliyotaka kuenea katika kila pembe ya maisha ya watu. Wahenga walikwisha kusema: mtaka yote hukosa yote.

6. Mabavu bila uwezo

Yaliyofuata yanaonyesha kwa nini « dhaifu » si kinyume cha « katili ». Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufikisha tani 50,000. Mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka Septemba 1990, baada ya miaka ambayo mapato yalichotwa na mitambo haikutengenezwa. Hivyo ndivyo hitaji la sita lilivyokufa, likafuatwa na la tano.

Hata hivyo, mabavu hayakukosekana. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Hazikupita wiki tatu: usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Lubumbashi. Idadi ya waliouawa imebaki kubishaniwa hadi leo, lakini tukio lenyewe halibishaniwi, na Ubelgiji ilikatisha misaada yake kwa sababu hiyo. Dola iliyokuwa haiwezi kumlipa mwalimu wa shule mshahara wa kutosha ilikuwa bado yaweza kuingia bwenini usiku. Anayefundisha somo la dola dhaifu mjini Lubumbashi hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Mfano wa pili ni wa fedha. Mwishoni mwa mwaka 1992 serikali ilitoa noti ya zaire milioni tano. Wapinzani waliitangaza kuwa batili, na wafanyabiashara wakaikataa. Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hizo walipoona hazinunui kitu, walitoka na silaha na kupora, kama walivyofanya Septemba 1991. Hapa mnyororo wa Young umeonekana wote kwa mara moja. Dola ilikuwa na mtambo wa kuchapa fedha na watu wa kubeba bunduki, lakini haikuweza kumfanya mwenye duka aiamini karatasi. Kukubali noti ni tendo dogo la kila siku la kuikubali dola, na tendo hilo halilazimishwi.

Watu wenyewe walikuwa wamejifunza kuishi bila leta. Walikitaja kwa kejeli « kifungu cha 15 », kifungu cha katiba ya utani kiwaambiacho wananchi wajitafutie wenyewe. Young na wenzake walikuwa waangalifu wasiyasifu mno maisha hayo. Biashara ya magendo humlisha mtu leo, lakini haijengi daraja wala haichanji watoto. Mkono mtupu haulambwi, na dola isiyotoa kitu haina haki ya kushangaa watu wakiikimbia. Vita vilipotoka mashariki mwaka 1996, jeshi la serikali halikuweza kuvizuia, na tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ilitekwa.

7. Hoja za kinyume

Fundisho hili halikupokewa bila ubishi. Hoja ya kwanza ni kwamba linaubebesha ukoloni mzigo mkubwa mno na kuwaachia huru watawala waliofuata. Hoja ya pili inatokana na makala ya Robert Jackson na Carl Rosberg ya mwaka 1982, yaliyouliza kwa nini dola dhaifu za Afrika hazifi. Jibu lao ni kwamba zinaishi kwa sababu dunia inazitambua kisheria: zina bendera, kiti katika Umoja wa Mataifa na mipaka isiyoguswa, hata pale zisipoweza kutawala kwa vitendo. Hoja hiyo inaikamilisha ya Young badala ya kuiangusha. Yeye alieleza ugonjwa ulivyoingia, nao wakaeleza kwa nini mgonjwa hakuzikwa.

Young mwenyewe alirekebisha msimamo wake. Mwaka 2004 aliuliza katika makala kama zama za dola iliyorithi umbo la kikoloni hazijapita, kwa kuwa katika nchi kadhaa umbo hilo lilikuwa limekwisha kuliwa kabisa. Na katika kitabu cha mwaka 2012 aliona mizunguko mitatu ya matumaini na masikitiko tangu mwaka 1960, na mwishoni njia zilizoachana: nchi nyingine ziliinuka, nyingine zikazama. Basi urithi wa Bula Matari ni mzito, lakini si hukumu isiyokatiwa rufaa.

8. Istilahi na darasa

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Kwa hiyo siasa hufundishwa chuoni kwa Kifaransa, lakini kodi hudaiwa sokoni kwa Kiswahili. Mwanafunzi asiyeweza kuhamisha dhana kutoka lugha moja hadi nyingine ataijua dola ya vitabuni bila kuweza kumweleza mama yake dola ya kizuizi cha barabarani.

Kutokana na kazi ya Young, mambo matatu yanaweza kupendekezwa. Kwanza, « dola » na « serikali » zisichanganywe: serikali hubadilika kwa uchaguzi au kwa vita, dola hubaki na mazoea yake. Wengi walidhani mwaka 1997 kwamba kuondoka kwa mtu kungetosha. Pili, neno « utawala » lafaa kwa mamlaka ya kutoa amri, lakini halitoshi kwa dhana iliyoenea tangu ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1989, ambayo inahusu pia kuulizwa na kutoa hesabu. Kwa dhana hiyo ni afadhali kusema « uendeshaji wa mambo ya umma », ijapokuwa ni maneno marefu. Tatu, kila isemwapo « dola dhaifu » na iongezwe: dhaifu katika hitaji lipi? Swali hilo dogo linatosha kumzuia mtu asikimbilie dawa ya mkono wa chuma.

9. Hitimisho

Crawford Young alianza kuiandika Kongo wakati Jamhuri ilikuwa na umri wa miaka michache, naye alifariki Madison Januari 2020. Katika muda huo wote swali lake lilibaki lilelile: dola hii ni ya nani? Aliyevunja mawe alikuwa na nyundo nzuri, na njia aliyoifungua ilipitika. Lakini waliobeba mizigo katika njia ile hawakuulizwa inakwenda wapi. Siku « leta » itakapotamkwa Lubumbashi, Goma au Kalemie na msemaji akajihesabu ndani yake, hapo ndipo udhaifu utakapokuwa umeanza kupona.